Toa Moto Kidogo

Ninaikumbuka vizuri asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ukungu wa Molo umelala juu ya pareto hata huoni mtu aliye mistari miwili mbele yako, nilipokubali jambo ambalo sikulielewa. Nilisema, "Ndiyo, memsahib," nikatikisa kichwa mara mbili ili aone nimeshika. Sikuwa nimeshika kitu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilijiona mwerevu kuliko wote waliokuwa kwenye laini za wafanyakazi.

Nakuandikia haya kwa sababu nimesikia unataka kulea vifaranga huko mtaani Rhonda, kwenye kile kichumba cha nyuma, na mama yako amekuambia uulize nyanya. Amefanya vizuri. Shule mimi niliishia darasa la pili, lakini kwa kifaranga hakuna wa kunifundisha. Niletee kifaranga wa siku moja, nifumbe macho, nisikilize sauti yake tu. Nitakuambia kama ana baridi, ana njaa, au anadeka. Ila ujuzi huo sikuzaliwa nao. Niliupata kwa kuua. Soma mpaka mwisho ndipo uanze kununua mabati.

Tulikuwa tumetoka upande wa Bungoma, mimi na mama yangu, baada ya baba kufariki. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, wakati wa hali ya hatari. Wakikuyu waliokuwa wakifanya kazi kwenye shamba lile la memsahib walikuwa wamepakiwa kwenye malori wakahamishwa kwa nguvu, na sisi tukapewa nyumba zao. Tulikuta chungu cha mtu bado kiko mekoni. Mama alikisugua vizuri, akakiweka juu ya kabati la mbao, na miaka yote tuliyokaa pale hakukipikia hata siku moja.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kuchuma pareto. Wewe hujui pareto. Ni maua meupe mazuri, ukiyaona kwenye picha utasema watu walikuwa wanacheza. Sasa yachume saa kumi na mbili asubuhi yakiwa na umande, nguo imelowa mpaka magotini, vidole havisikii, na vumbi la maua makavu linakungoja kwenye banda la kukaushia. Wengine walizoea. Mama hakuzoea. Kifua chake kilianza kupiga mluzi mwezi wa pili tangu tufike, na mwaka wa pili akawa anakohoa akiinama, anakohoa akiinuka. Tukitembea kwenda shambani alikuwa anasimama kila baada ya hatua chache na kujifanya anafunga kitambaa cha kichwa. Mimi nilikuwa naona.

Kulikuwa na mahali pamoja tu pakavu pa kufanyia kazi kwenye shamba lile, nyumba ya kuku. Palikuwa na paa zuri, sakafu ya mbao, na chumba cha vifaranga chenye joto kama mkate. Aliyekuwa akipatunza ni mwanamke mzee wa Kikipsigis tuliyemwita Kogo, yaani nyanya kwa lugha yao. Alikuwa mwembamba, masikio yametobolewa na kuning'inia, na mdomo wake haukuwa na mlango. Mwaka ule alisema miguu imekataa na atarudi kwao mvua zikiisha.

Nikaenda kwa memsahib mwenyewe. Sikupitia kwa nyapara, maana nilijua nyapara ana shemeji yake anayemtakia kazi ile. Nikasimama kwenye veranda nikasema, "Memsahib, Kogo akienda, mama yangu na mimi tupe kuku."

Nyapara alikuwa pale, kofia mkononi. Akacheka. "Mama yake huyu anakohoa, memsahib. Ataambukiza kuku."

"Kuku hawachumi pareto," nikasema. "Hawatakohoa."

Memsahib hakucheka, lakini alinitazama. Alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, anayetembea kama mtu aliyechelewa. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazungu wa mashamba, maneno machache yanayofanya kazi nyingi. Chombo chake cha kulelea vifaranga, kile alichokiita bruda, kilikuwa kimoja tu na kidogo, na alitaka kuongeza vifaranga. Akasema, "Wewe jenga bruda. Mimi toa kuku dogo hamsini. Wiki nne. Kama kuku mzuri, mama yako pata kazi. Kama kuku kufa, shemeji ya nyapara."

Hapo ndipo mambo yote yalipowekwa, mwanangu. Wiki nne, vifaranga hamsini, na kifua cha mama yangu.

Nilijenga. Wacha nijisifu hapa, maana sehemu hii sikukosea. Nilikwenda kuomba mabanzi, yale maganda ya magogo yanayobaki kwenye mashine ya mbao kule Elburgon, nikayabeba kichwani safari tatu. Nikatengeneza sanduku refu kama kitanda cha mtu mzima, humo ndani ya nyumba yetu. Kona zake zote nne nikazijaza udongo na kuzilaza ziwe mviringo, kwa sababu nilikuwa nimeona kwa Kogo kwamba kifaranga akiogopa hukimbilia kona, na wenzake humpanda juu mpaka anakufa kwa kukosa pumzi. Chini nikatandaza maranda makavu, na juu ya maranda gunia kuukuu, ili wale wadogo wasiyale wakidhani ni chakula. Katikati nikaweka kandili, na kandili nikaifunika na debe nililolitoboa kwa msumari pembeni na juu, moshi upate njia. Debe likipata moto linatoa joto pande zote, na kandili haionekani. Nikalizungushia vijiti ili wasiliguse wakaungua. Wanawake wa laini walikuja kutazama. Wakaliita mama wa bati.

"Mama huyu hana maziwa," mmoja akasema.

"Kuku wana maziwa tangu lini?" nikamjibu, na wakacheka, nami nikaringa siku mbili.

Sasa, asubuhi ile ya ukungu niliyokuambia, memsahib aliniletea vifaranga wenyewe kwenye boksi la karatasi lenye matundu. Akaingia, akakagua sanduku langu, akaweka mkono juu ya debe, akasema "Mzuri." Mzungu kusema mzuri! Nilijiona nimefika mbinguni. Kisha akainua kidole, akanipa agizo: "Kila wiki, toa moto kidogo. Kila wiki. Wewe jua?"

Nikasema ndiyo.

Hebu lisikilize neno hilo kwa masikio yangu ya wakati ule. Toa moto. Kwetu tulikuwa tunasema jua linatoa joto, kuni hizi zinatoa moshi, jiko hili linatoa moto. Kitu kikitoa moto, kinawaka. Kwa hiyo nilisikia kwamba kila wiki mama wa bati atoe moto zaidi kidogo. Na kichwa changu kikanisaidia kukosea, maana kikaniambia, si mtoto akikua anaongezewa uji? Basi na kifaranga akikua anaongezewa joto. Lakini ndani kabisa kulikuwa na kitu kimenikwama. Niliona kama agizo haliko sawa. Ningesema tu, "Memsahib, kuongeza au kupunguza?" Maneno manne. Lakini alikuwa amesema mzuri, na nyapara alikuwa amesimama mlangoni, na mimi sikutaka aone sijui.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Alikufa mmoja tu, yule aliyekuja amelegea tangu kwenye boksi. Wengine walilala wametawanyika kuzunguka debe, wanaongea polepole, ile sauti ya kifaranga aliyeshiba, kama watu wanaonong'ona kanisani. Nakumbuka mama alikuja jioni akakaa kando ya sanduku, akanyoosha mikono kwenye joto, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakukohoa mpaka chai ikawa tayari. Akasema, "Nasimiyu, hapa mtu anaweza kuzeeka."

Wiki ya pili nikapandisha utambi.

Vifaranga wakasogea mbali na debe. Niliwaona. Nikasema wamekua, wanataka kutembea. Kogo akapita nje na kikapu chake, akaita, "Wewe msichana, nikuje nione?"

"Bado, Kogo. Nitakuita nikimaliza, uje uone kuku, si vifaranga."

"Haya. Maringo yako hayahitaji kandili," akasema, akaenda zake.

Alijua kitu? Hapana, ule ulikuwa mdomo wake tu. Lakini ningemfungulia mlango siku ile, singekuwa nakuandikia.

Wiki ya tatu nikaongeza kandili ya pili, nikaazima ya jirani, na kwa kuwa agizo nilikuwa nalishika kwelikweli, nikafunika sanduku na magunia juu, joto lisipotee. Wawili wakafa Jumatatu. Nikajiambia ni baridi ya usiku. Unaona ujinga unavyojilisha wenyewe? Kwa sababu niliamini ni baridi, nikapandisha utambi tena.

Alhamisi nilikwenda kumsaidia mama kumaliza mstari wake, maana alikuwa amebaki nyuma na nyapara alikuwa anapita akihesabu. Siku ile jua likatoka. Kule kwetu mwezi wa saba jua linaweza kusahau njia wiki nzima, halafu siku moja likaja lote kwa pamoja. Lilipiga bati la nyumba yetu kuanzia saa nne. Saa sita niliporudi nilimkuta Kogo ndani. Hakuwa ameitwa. Alikuwa amepita njia na kusikia kimya.

"Nyumba yenye vifaranga haikai kimya," aliniambia baadaye. "Mimi nikasema, ama wameibiwa, ama."

Magunia ameyatupa nje. Kandili zote mbili amezizima. Amepiga magoti kwa ile miguu yake mibovu, anamshika kifaranga mmoja mmoja, anamchovya mdomo kwenye maji, anamweka kando. Wengine wote walikuwa wamebanana ukutani, mbali na debe kadiri walivyoweza, mabawa wameyaachia, midomo wazi. Chombo cha maji kilikuwa kikavu kabisa. Wale waliokufa walikuwa wamekufa wameelekea ukuta. Hilo ndilo sijalisahau. Walikuwa wananiambia tangu wiki ya pili, kwa miguu yao, na mimi nilikuwa nasikiliza agizo.

Kogo hakuinua kichwa. Akasema, "Chumvi uliweka?"

"Kogo?"

"Nauliza chumvi. Maana hii si kulea. Hii ni supu."

Nikaanza kulia. Akanipa bakuli. "Lia ukichovya. Mikono ina kazi."

Tulipomaliza walikuwa wamebaki ishirini na sita. Nikamwambia Kogo nilivyoagizwa, neno kwa neno. Akakaa chini kwenye maranda, akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akaacha ghafla. "Toa moto, kwa huyu mzungu, ni ondoa. Punguza. Kila wiki joto linapungua kwa sababu manyoya yanakuja. Sasa wewe mtu akivaa koti unamwongezea blanketi?"

"Mbona hakusema punguza?"

"Hana hilo neno. Ana 'toa' na 'leta', basi, anaendesha shamba zima. Wewe ndiye mwenye Kiswahili. Kwa nini hukumuuliza?"

Nikafanya kitu cha aibu zaidi. Nikamwambia, "Kogo, wewe una vifaranga wa rika hili hili kwenye nyumba ya kuku. Nipe ishirini na wanne nijazie. Memsahib hatajua."

Akajipangusa maranda mikononi. "Vifaranga nitakupa. Na ule uongo wa 'ndiyo' utaujazia nini? Mwezi ujao atakuambia neno lingine. Utatikisa kichwa tena. Mimi sitakuwa hapa." Akainuka, akanishika mkono. "Twende ukaseme leo, ukiwa bado unanuka vifaranga waliokufa."

Memsahib alikuwa kwenye veranda, na nyapara yuko palepale, utafikiri alisimikwa pamoja na nguzo yake. Nikasema wamekufa ishirini na wanne. Memsahib akawa mwekundu. "Mimi nasema wazi! Toa moto kidogo! Wewe nasema ndiyo!"

"Nilisema ndiyo, memsahib. Lakini sikuelewa."

Kusema hivyo, mwanangu, mbele ya nyapara, kulikuwa kama kuvua nguo. Na yeye hakuniachia nafasi. "Si nilisema?" akamwambia memsahib. "Mama anakohoa, mtoto hasikii."

Kogo akasema, "Memsahib, ile toa moto. Onyesha yeye kwa mkono."

Memsahib akashusha kiganja chake polepole, hivi, kama mtu anayemlaza mtoto. Mimi nikapandisha changu, nikamwonyesha nilivyosikia. Tukabaki hivyo, mkono wake chini na wangu juu. Akaelewa. Niliona uso wake ukibadilika. Akaniuliza, "Wewe, hii, naita nini?" akishusha mkono tena.

"Punguza, memsahib."

"Punguza," akasema. Akarudia mara mbili, na tangu siku ile nilimsikia akilitumia kwa kila kitu, hata kwa mbwa wake wakibweka.

Lakini kazi hakunipa. Alikuwa mtu wa kusimama kwenye neno lake. Sanduku langu alilipenda, akaagiza nijenge mengine mawili kama lile. Nyumba ya kuku ikaenda kwa shemeji ya nyapara.

Jioni ile nikamweleza mama kila kitu. Nilingoja kofi. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alikuwa anafunga nguo zake za shambani ziwe tayari kwa asubuhi. Akasema tu, "Ungeuliza, Nasimiyu. Kungekuchukua muda gani?" Kisha akakohoa, akaenda kulala.

Alichuma pareto tena mwezi wa nane, na wa tisa, na wa kumi, mvua ndogo zikaja zikamkuta shambani, na Krismasi ikamkuta shambani. Mwezi wa pili shemeji ya nyapara akaolewa huko Njoro akaacha kazi, na memsahib mwenyewe akaja mlangoni kwetu kutuita. Basi tuliingia nyumba ya kuku, na tulikaa humo miaka minne, na sikuua tena kwa joto. Mama alipata pakavu. Lakini miezi ile saba ya baridi ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Ule mluzi wa kifua haukumtoka tena. Alikuwa nao akinizalisha mtoto wangu wa kwanza, alikuwa nao kwenye harusi ya mama yako, na alikufa nao. Daktari aliniambia ulianza zamani na hakuna anayejua kwa hakika. Huenda ni kweli. Mimi najua nilichofanya na nisichofanya, na umri huu sina sababu ya kujidanganya.

Sasa mwanangu, nasaha zangu ni hizi. Kwa vifaranga, usimwamini mtu akikuambia balbu iwe juu kiasi gani, na usiniamini hata mimi. Inama uwatazame. Wakijikusanya chini ya joto na kupiga kelele, wana baridi, ongeza. Wakikimbilia ukuta na kuachama, wanaungua, punguza. Wakitawanyika, huyu anakula, huyu amelala ubavu kama mlevi, waache hivyo hivyo. Maji yasikauke kamwe. Kona uzijaze. Na kila wiki joto lipungue. Nimesema lipungue. Kama hapo pia hujaelewa, piga simu.

Na kwa mambo yako mengine, huko kazini, kwa daktari, kwa hao watu wenye karatasi za kutia sahihi, ukiambiwa neno usilolielewa, usitikise kichwa. Sema, "Sijaelewa, nionyeshe." Watacheka. Waache wacheke, kicheko cha mtu kinaisha kabla hajafika kwake. Na akitokea mzee anabisha mlangoni kuuliza kama aje aone kazi yako, mfungulie, hata kama mdomo wake ni mbaya kama wa Kogo. Hasa kama ni mbaya kama wa Kogo.

Mungu akupe kifua kizima na mikono yenye kazi. Akupe kinywa kisichoona haya. Akuwekee watu karibu watakaokuambia ukweli mchana, usoni mwako, na akupe watoto watakaokuuliza maswali mpaka uchoke, nawe uwajibu yote.